Uso wa mtoto unatoka na matope, tena kama wa mtu mzima

SWALI: Nachora kwa rangi za maji mtoto wa miaka 4 aliyekaa kitini, nikifuata picha ya kamera. Penseli inatoka vizuri, ila nikishapaka rangi ngozi inakuwa na matope, yaani rangi chafu iliyofifia, na mtoto anazeeka. Nakosea wapi?

JIBU: Kagua kwanza penseli yenyewe. Mtoto wa umri huo macho yake hukaa chini kidogo ya nusu ya kichwa; ukiyaweka katikati, umeshamzeesha kabla ya kugusa brashi. Mapaja yanayokuelekea yachore mafupi kama unavyoyaona.

Matope husababishwa zaidi na kurudia mahali pabichi. Tumia karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba na rangi tatu tu zinazopitisha mwanga. Kwa ngozi ya kahawia, siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), waridi na bluu ya ultramarini zinatosha. Rangi za kadmiamu (nyekundu na njano nzito zenye jina hilo) ziache, zinafunika weupe wa karatasi na ngozi inakosa uhai.

Lowesha uso, subiri maji yaache kutuama, kisha tandaza siena nyepesi ukikwepa sehemu zinazong'aa. Ikolee kidogo kuliko unavyotaka, maana rangi hufifia ikikauka. Dondoshea waridi mashavuni na masikioni papo hapo, halafu toa mkono. Gusa karatasi kwa mgongo wa kidole: ikiwa ya baridi, bado ina maji. Ukipaka sasa utachubua tabaka la chini, na brashi ikiwa na maji mengi utapata madoa yenye kingo za kuchanika.

Ikishakauka kabisa, weka vivuli kwa siena na ultramarini: chini ya nyusi, ubavuni mwa pua, chini ya mdomo na kidevu. Kila kivuli, lainisha ukingo mmoja kwa brashi safi yenye unyevu kidogo. Hapa ndipo utoto unapopatikana au kupotea. Usichore kamwe mstari kutoka puani hadi pembe ya mdomo. Hapo pana mteremko laini wa shavu tu. Mdomo wa chini usiuzungushie mstari, kivuli kilicho chini yake kitauonyesha.

Nguo zipake haraka, kwa mapana. Ila kivuli kati ya mapaja na kiti kikoleze sana, la sivyo mtoto ataonekana anaelea.

Uso uliokwisha kuchafuka? Lowesha kwa maji safi, ngoja kidogo, kandamiza tishu bila kusugua. Ikigoma, chukua karatasi nyingine, kwa sababu tabaka la kuficha litaongeza matope tu.