Jibu: Kwa nini miaka imechorwa kama mstari

Ndugu, umeuliza mfululizo wa data ni nini, na kwa nini Excel, programu ya kutengeneza majedwali na grafu, imechora miaka yako kama mstari wa pili badala ya kuipanga chini ya grafu. Mfululizo wa data ni kundi la namba zinazochorwa pamoja kwa rangi moja, kwa kawaida safuwima moja ya lahajedwali, kama magunia ya mahindi uliyovuna. Kategoria ni majina yanayotambulisha kila namba, nayo hukaa kwenye mhimili mlalo, yaani mstari wa chini wa grafu, ilhali vipimo vyenyewe husomwa kwenye mhimili wima, ule uliosimama pembeni. Kwa kuwa 2019 na 2020 ni namba kama zilivyo 40 na 55 za magunia, programu haitambui kwamba hizo za kwanza ni majina ya miaka. Futa neno “Mwaka” lililo katika seli A1, kisanduku cha kwanza juu kushoto, uiache tupu, kisha chagua jedwali lote na uingize chati upya. Miaka itashuka mahali pake. Vichwa vingine vya safuwima usivifute, kwani ufunguo wa rangi huchukua majina yake humo. Chati ya duara nakusihi uiache kabisa hapa: hugawa kitu kimoja kizima, haionyeshi mavuno yakipanda na kushuka.