Mwanangu, kuhusu lile neno "hatarudia"

Marahaba baba. Meseji yako ya juzi nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza nilikuwa hapa sokoni Mwaloni nageuza dagaa nikashindwa kujibu, nikasema ngoja nifike nyumbani nikae. Umesema hapo shuleni kwenu Ukerewe kuna vijana wawili pepa zao zinafanana mpaka makosa, na mwalimu mwenzio kakwambia chapa wote, weka sifuri wote, mambo yaishe. Alafu ukaniuliza: mama, ile siku ulipoitwa shule nikiwa fomu three, kwa nini ulimwambia mwalimu "hatarudia", ina maana hukuniamini?

Nilikuamini baba. Na siyo kuamini tu, nilikuwa najua kabisa, ndo maana swali lako limeniuma.

Ngoja nikueleze ilivokuwa upande wangu maana hatujawahi kuongea. Ilikuwa 2017, mtihani wa nusu mwaka, barua ya kuitwa uliileta jioni na ulikuwa hukai vizuri kwenye kiti nikajua umechapwa. Usiku ule ulikuwa wa giza, dagaa wamepatikana wengi, asubuhi mzigo umefika na wateja wa Kongo wanasubiri, nikaanika haraka haraka nikaja shuleni na kanga ile ile ya kazini. Nilisimama chini ya mwarobaini karibu saa nzima. Walimu wanapita, mmoja akashika pua, sijui kama aliniona mimi au alikuwa na mafua lakini mimi nilijiona nanuka, na kuanzia hapo nikawa mdogo kabisa, hata kabla sijaongea na mtu.

Mwalimu wa nidhamu akatoka na pepa mbili za kemia. Hakuniambia karibu wala kaa. Akaniwekea kidole kwenye swali moja akasema ona, wote wamesahau kuzidisha oksijeni, kosa moja sehemu moja, mwanao na mwenzake wametazamiana. Mimi kemia siijui baba, lakini lile kosa nalijua. Hukumbuki pale kwenye mkeka, unapanga dagaa huku wawili huku wawili, unamfundisha dada yako mlinganyo, na kila ukifika kwenye oksijeni unasahau kuhesabu mara mbili mpaka dada yako akawa anakucheka, "umesahau tena"? Wiki nzima ile umesahau tena, umesahau tena. Kwaiyo mwalimu alivoonyesha pale nikajua moja kwa moja hili kosa limetoka nyumbani kwangu, ni la kwako wewe, yule mwenzio ndo kalitoa kwako. Nilikuwa na ushahidi mdomoni.

Nikasema, "Samahani mwalimu, hatarudia." Na nikasaini.

Ukaniangalia. Nakumbuka ulivoniangalia.

Sasa kwa nini. Nimelifikiria hili miaka na miaka nikiwa nageuza dagaa. Mimi darasa la saba nilimaliza 1988, wakati huo watu hawakuwa wanasema kufaulu, walikuwa wanasema kuchaguliwa, maana sekondari zilikuwa za kuhesabu, unaweza ukafanya vizuri tu na jina lako lisiwepo. Shule yetu nzima walichaguliwa wawili. Maksi zangu mimi sijawahi kuziona mpaka leo, hakuna aliyeniambia nilikosea wapi au nilizidiwa na nani, niliambiwa jina halipo, nikaenda ziwani kusaidia bibi yako. Mtu aliyekua hivo anajua kwamba karatasi ya shule ikishasema imesema, na mzazi akiitwa kazi yake ni kuomba msamaha ili mtoto asifukuzwe. Hicho tu ndo nilichokuwa nakiogopa, ufukuzwe. Nikaona bora ubaki shuleni na jina baya kuliko nibishane na mwalimu ukose vyote. Ni woga, siupambi.

Na ningepaswa kujua zaidi maana kaka yako alishapita mule mule. Yeye alifanya fomu four 2012, matokeo yakatoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watoto wa nchi nzima sifuri, na yeye sifuri. Alilala siku mbili bila kula. Alafu Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, serikali ikafuta yale matokeo, yakapangwa upya na mwezi wa tano yakatoka mengine, kaka yako akapata divisheni four, karatasi zile zile hakuandika hata neno jipya. Kama baraza la mitihani lenyewe linaweza kurudi nyuma likatazama tena pepa za nchi nzima, mimi nilishindwa nini kumwambia mwalimu mmoja naomba utazame tena pepa mbili? Hilo sijajisamehe.

Kuhusu fimbo. Uliniambia zilikuwa sita, mstarini, mbele ya wasichana. Mimi nilidhani ndo sheria. Mwaka uliofuata, 2018, kule ng'ambo ya ziwa Bukoba akafariki yule mtoto wa darasa la tano aliyepigwa na mwalimu kwa kutuhumiwa kaiba pochi, hapa Mwaloni watu hawakuongea kingine wiki nzima, na kwenye redio ndo nikasikia kumbe kuna kanuni za viboko, mwisho vinne, anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike, na kila adhabu inaandikwa kwenye kitabu. Nikaacha kuanika nikakaa chini. Vinne! Na wewe ulipata sita kwa kutazamia ambako hata hukufanya, nikajiuliza lile jina lako liliandikwa kwenye kitabu gani, na kwa mkono wa nani.

Na ile sifuri waliyokupa kwenye kemia haikuishia pale. Ulishanieleza mwenyewe kwamba maksi za fomu three zinaingia kwenye CA, yani zile maksi za maendeleo ya shuleni, zinapelekwa baraza zinajumlishwa na mtihani wa mwisho. Kemia ukapata D, PCB ya fizikia, kemia na baiolojia ikapotea, ukaenda HGL ya historia, jiografia na Kiingereza. Sisemi ile sifuri peke yake ndo ilileta D, labda na oksijeni ulikuwa bado unaisahau, lakini nikikuona leo unafundisha historia huwa najiuliza, na najua na wewe unajiuliza hata kama unasema umeipenda.

Yule mwalimu simwiti mtu mbaya. Darasa lenu mlikuwa zaidi ya tisini, angemkagua nani. Ila alisema neno moja nimelikataa mpaka leo, alisema "kwa kuwa hatujui nani kamtazamia nani, wote wana makosa". Yani kutokujua kwa mwalimu kukageuka kuwa kosa la mtoto.

Sasa hao vijana wako wawili. Mimi sijasoma ualimu, lakini ningekuwa yule mama wa chini ya mwarobaini na nina ujasiri nilionao sa hivi, ningemwambia mwalimu wape chaki. Mmoja mmoja, mwenzie awe nje, afanye lile swali ubaoni tena na aeleze kwa mdomo alifikaje pale. Aliyeliandika kwa akili yake hata kama ni makosa atakuonyesha alivopita mpaka akakosea, aliyetazamia atakosa pa kuanzia. Itakula dakika kumi. Na ukishamjua aliyetazamia usimwonee naye, muulize kwanza kwa nini, kuna watoto huko visiwani usiku wa giza wanakesha kwenye mtumbwi na karabai alafu asubuhi wanaingia kwenye pepa, unawajua kuliko mimi.

Na ikibidi uite mzazi, mpe kiti kabla hujamwonyesha karatasi. Hata kama ananuka dagaa. Hasa huyo.

Dada yako ameisoma hii barua kabla sijaituma, amelia kidogo, anasema alikuwa tayari kuja kusema siku ile kwamba kosa ni la kwako, nikamkataza asichelewe shule. Hilo nalo ulikuwa hulijui.

Nimekuwekea sado mbili za dagaa kwenye meli ya Nansio ya kesho, zimekauka vizuri hazina mchanga, uende ukapokee bandarini usimtume mtu. Na ukishawapa chaki hao vijana nipigie usiku uniambie ilikuwaje, nitakuwa macho.

Mama yako