Unataka kuwa mchumi wa masuala ya umaskini? Anza na dodoso

Vijana wanaomaliza digrii ya uchumi huniuliza wasome nini ili waingie kwenye utafiti wa umaskini na pengo la kipato. Wengi hutegemea niwatajie chuo cha nje. Stata, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, utajifunza tu, haikwepeki, na hesabu usizikimbie. Ila ukiniuliza mimi, tafuta kwanza kazi ya udadisi, yaani kuhoji kaya kwa dodoso, hata ya mkataba mfupi, uingie vijijini na kishikwambi chako.

Chukua namba inayonukuliwa kila semina: asilimia 26.4 ya watu Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, kwa mujibu wa Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18. Mstari wenyewe ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Gawanya kwa siku, unapata kama 1,640. Chakula, sabuni na nauli vyote humo.

Sasa keti na mama uliyemkuta anapukuchua mahindi, umuulize kaya imekula mchicha kiasi gani. "Mafungu mawili." Fungu la soko gani? La asubuhi, au la jioni muuzaji anapoongeza ili asirudi na mzigo? Inabidi uende sokoni na mizani. Na hayo mahindi yake hakuyanunua popote, lakini kaya inayala, kwa hiyo lazima yapewe bei. Ya mavuno, au ya Februari ghala likiwa tupu? Ukibadili jibu hapo, kuna kaya zitavuka mstari bila kupata hata senti moja zaidi.

Kwa wenye nacho mambo ni mengine. Mlinzi anakwambia bosi kasafiri, na kesho atakwambia hivyohivyo. Ndiyo maana Gini (kipimo cha pengo kati ya watu, sifuri ikiwa wote wako sawa) ya 0.38 ya utafiti ule naisoma kwa tahadhari. Ni ya matumizi, si ya mali, na wenye mali ndio wagumu kuwahoji. Ukiitumia kwenye tasnifu, liseme hilo wazi, mapema, si kwenye tanbihi.

Maslahi? Miradi ni ya wafadhili, mikataba mifupi, na posho huchelewa. Jiwekee akiba.

Ukiwa unasubiri mradi, usikae bure. Kuna utafiti wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu unaorudia kaya zilezile, ulioanza 2008/09, na data zake zinapatikana bila malipo kwenye tovuti ya Benki ya Dunia. Usikimbilie wastani. Fungua kaya moja, ufuatilie awamu hadi awamu: nani kahama, ng'ombe wameuzwa, paa la nyasi limekuwa bati? Andika kurasa mbili za ulichokiona, umtumie mtafiti ambaye kazi zake unazisoma. Mimi hupokea barua nyingi za kuomba nafasi, na zenye kurasa hizo mbili ndizo ninazojibu siku hiyohiyo.