Scindia alihamaje na watu 22 bila kunaswa na sheria?

SWALI: Jyotiraditya Scindia, mjukuu wa maharaja wa Gwalior, alihama Congress kwenda BJP mwaka 2020 na serikali ya jimbo la Madhya Pradesh ikaanguka. Kwetu Tanzania mbunge akihama chama, kiti kimekwenda. India hawana sheria hiyo? Na umaharaja unampa haki gani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Sheria wanayo, tena kali. Tangu 1985 katiba yao inasema mbunge akikiacha chama kwa hiari, au akipiga kura kinyume na agizo la chama, anapoteza kiti. Zamani theluthi moja ya wabunge wakijimega kwa pamoja walisalimika, lakini mlango huo ulifungwa 2003. Siku hizi msamaha uliobaki ni wa kuungana na chama kingine, na lazima wawe theluthi mbili. Congress ilikuwa na wabunge 114 kwenye bunge la jimbo, kwa hiyo walihitajika 76. Watu wa Scindia walikuwa 22.

Basi hawakuhama. Walijiuzulu ubunge, na hapo ndipo penye ujanja wote. Chukua kalamu. Bunge lile lina viti 230, viwili vilikuwa wazi, wamebaki 228, na mwenye kutawala anahitaji 115. Congress ilifika hapo kwa kushikwa mkono na wabunge wachache wa nje ya chama. Toa 22: wabunge ni 206, na wingi unaotakiwa umeshuka hadi 104. BJP walikuwa nao 107 tangu mwanzo. Hawakuongeza hata mmoja; bunge ndilo lililopunguzwa likawatosha.

Kikwazo kilikuwa Spika, maana kujiuzulu hakukamiliki mpaka aridhie. Barua zilipelekwa Bhopal, mji mkuu wa jimbo, na viongozi wa BJP, wabunge waliojiuzulu wenyewe wakiwa wametulia mji wa Bengaluru, kusini mwa India, mbali na simu za wazee wa Congress. Spika akaridhia sita kwanza, wale waliokuwa mawaziri, akawasubirisha wengine hadi Mahakama ya Juu ilipoamuru kura ipigwe bungeni. Waziri Kiongozi Kamal Nath hakuingoja kura hiyo. Alijiuzulu 20 Machi, na siku tatu baadaye akaapishwa Shivraj Singh Chouhan wa BJP.

Scindia mwenyewe hakuwa na kiti cha kupoteza. Guna, kiti cha bunge la taifa alichokishika tangu uchaguzi mdogo wa 2002 baada ya baba yake Madhavrao kufa kwa ajali ya ndege, kilimponyoka 2019. BJP ikampa nafasi Rajya Sabha, baraza la juu linalochaguliwa na wabunge wa majimbo. Wale 22 ndio waliobeba hatari, kwani ilibidi warudi kwa wapiga kura. Novemba 2020 viti 28, vikiwemo vyao, viligombewa upya, BJP ikachukua 19. Kwa hiyo si wote walioufaidi uhamisho ule.

Kuhusu umaharaja: haki ya kisheria hana hata moja. Marekebisho ya katiba ya 1971 yalifuta vyeo vya kifalme pamoja na posho zake. Wanaomwita "Maharaj" kwenye mikutano wanamwita kwa mazoea. Ila mazoea hayo yana nguvu, na familia hii inajua kuyatumia. Bibi yake, Vijaya Raje, aliingia bungeni 1957 kwa tiketi ya Congress. Mwaka 1967 akaiacha Congress na kuiangusha serikali ya chama hicho katika jimbo hilihili, enzi ambazo mbunge alivuka tu upande wa pili na kiti chake mkononi. Madhavrao akaenda njia ya kinyume: alianza 1971 na Jana Sangh, chama cha mama yake kilichoitangulia BJP, baadaye akaingia Congress, na 1984 akamwangusha Atal Bihari Vajpayee wa BJP, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa India, palepale Gwalior.

Aliyemshinda Scindia 2019 alikuwa mfuasi wake wa zamani, tena kwa tofauti ya kura zaidi ya 125,000. Mwaka 2024 Scindia alirudi Guna kwa bendera ya BJP, akashinda kwa zaidi ya 540,000.