Daktari wa jioni Uingereza: jibu kwa mnaouliza kutoka Mbeya

Ndugu zangu wa Mbeya, mmesikia wanasiasa wa huku wakiahidi daktari wa familia hadi usiku na wikiendi, mkauliza kama ni kweli. Saa zimeongezwa. Shida ni uhaba wa madaktari.

Mwaka 2013 David Cameron, waziri mkuu wa wakati huo, alitenga pauni milioni 50 za kujaribu kufungua kliniki saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, siku 7. Uchaguzi wa 2015 chama chake kikaahidi nchi nzima ifikiwe ifikapo 2020, na madaktari 5,000 wa nyongeza. Madaktari hao hawakupatikana. Ukimpanga daktari yuleyule Jumamosi, Jumanne unabaki na pengo.

England, sehemu kubwa ya Uingereza, leo kliniki hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 12 na nusu jioni. Tangu Oktoba 2022 kuna nyongeza: hadi saa 2 usiku siku hizo, na Jumamosi saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Hapa ndipo wageni wengi hukwama. Saa hizo huendeshwa na kliniki kadhaa kwa pamoja, kwa miadi. Ukienda kliniki yako saa 1 jioni unaweza kukuta mlango umefungwa, kumbe zamu iko kliniki nyingine, na atakayekuona pengine ni nesi au mfamasia. Kwa hiyo ukipiga simu waulize mapokezi waziwazi: "Kuna nafasi ya jioni au Jumamosi, hata kliniki nyingine?" Usipouliza, mara nyingi utapewa Jumatano saa 4 asubuhi, uko kazini.

Anayekuja ajiandikishe wiki ya kwanza, kabla hajaugua. Ni bure, na kukosa uthibitisho wa anwani au karatasi za uhamiaji si sababu ya kukataliwa. Inaniuma kuona Watanzania wanakaa na ugonjwa kwa kuogopa hilo.

Saa 2 kamili asubuhi simu hufurika. Kwa jambo lisilo la haraka jaza fomu ya kliniki yako mtandaoni; tangu Oktoba 2025 lazima iwe wazi saa zote za kazi.

Msitegemee kununua antibayotiki dukani bila cheti kama pale Mwanjelwa. Ila tangu Januari 2024 mfamasia wa England anaweza kutibu magonjwa 7 bila cheti cha daktari, yakiwemo maumivu ya koo, ya sikio kwa watoto, na U.T.I. ya kawaida kwa mwanamke wa miaka 16 hadi 64. Usiku wa manane piga 111, simu ya ushauri wa afya. Mtu akipoteza fahamu au kifua kikimbana, piga 999, simu ya dharura.