Mwenye Mark X, hilo bomba la kuvuta hewa usilishushe kwenye bampa. Mimi nililishusha, nikanunua injini

Mkuu, weka chini hiyo grainda kwanza.

Nimesoma uzi wako mara mbili. Unataka kukata mbavu za grili ya Mark X uweke wavu, utoe boksi la ea klina (kichujio cha hewa ya injini) ufunge filta ya koni, halafu ung'oe fogi ya kushoto, ile taa ya ukungu ya kwenye bampa, upitishe bomba pale "injini ivute hewa ya baridi". Ukauliza wavu upi mzuri, rangi ipi itakaa, kama mafuta yatapungua, na kama kuna fundi wa kuaminika. Nilipofika kwenye fogi nikaweka simu mezani. Hilo la fogi nimelifanya mimi, tena nililipa watu wanifanyie.

Mengine tutayaongea yakipata nafasi. La bomba ndilo hili: mdomo wa kuvutia hewa usishuke chini ya taa kubwa za mbele. Hata ukiishia kusoma hapa, mimi nimeridhika.

Gari yangu ni Toyota Altezza, ile ya injini ya 1G ya silinda sita, cc 1,988. Kilichobaki cha asili kwenye hiyo gari ni usukani na deni.

Ilianza kwa fundi mmoja Ilala, simtaji jina maana bado ana watoto wanaosoma. Alifungua boneti akatikisa kichwa kama daktari aliyeshika picha mbaya ya eksirei. "Bosi, hii gari inapumua kwa tundu moja la pua." Nani anataka kusikia hivyo kuhusu gari yake? Laki mbili na nusu zikatoka. Boksi la ea klina likang'olewa, ikafungwa koni nyekundu inang'aa, imekaa wazi juu ya injini kama pilipili juu ya pilau. Grili akaikata mbavu zote, akabandika wavu wa matundu ya asali. Akasema, "Kanyaga." Nikakanyaga. Ikanguruma.

Wakuu, ile sauti ni ulevi kamili. Nilirudi nyumbani vioo vyote vimeshushwa na mvua inanyunya. Shemeji yenu akachungulia dirishani akauliza ekzosi imedondokea wapi.

Wiki ya pili gari ikaanza kuwa nzito, hasa jioni kwenye foleni. Nikachukua kipimajoto cha dijitali chenye waya, kile cha elfu kumi na tano, nikaifunga ncha yake pembeni ya koni. Nje nyuzi 33. Baada ya dakika ishirini za kusota Magomeni, kwenye koni nyuzi 61. Sasa hewa ikipata moto inakuwa nyepesi: kutoka 33 hadi 61, kwa ujazo ule ule injini inapata hewa pungufu kwa karibu asilimia 8. Yaani nilitoa laki mbili na nusu ili nipunguziwe nguvu, kelele nikapewa kama nyongeza. Lile boksi jeusi lisilo na sura lilikuwa linavuta hewa kutoka pembeni ya taa, nje ya joto la injini, na mdomo wake umekaa juu. Kuna mtu alikaa na rula na penseli akaupanga pale. Sisi tukamtengua kwa spana namba kumi.

Mtu mwenye akili hapo angerudisha boksi. Mimi nikarudi kwa fundi.

"Bosi, tatizo koni inakula moto. Tunaishusha chini ikutane na upepo." Akanionyesha na video ya jamaa mmoja wa nje huko, kavaa miwani ya jua, barabara yao nyeupe kavu kama sahani iliyofutwa, anasema hapo injini inapata nguvu za farasi kumi na tano za bure. Farasi za bure! Bomba la alumini la inchi tatu likatoka kwenye throto, lango la hewa la injini, likatobolewa njia kwenye madigadi, likashuka hadi tundu la fogi, na koni ikawa inachungulia barabarani. Laki tatu na themanini. Baadaye kabisa, nilipokuwa na muda mwingi na gari sina, nilipima pale koni ilipokuwa: sentimita 41 kutoka ardhini. Nikapima na goti langu: 50. Kwa hiyo pua ya gari niliiweka chini ya goti, nikiwa Dar es Salaam, mwezi wa tatu, masika yanabisha hodi.

Na nisiwe mnafiki, ilienda vizuri. Wiki tano nzima joto la kwenye koni halikuvuka 36, gari inaitika, mimi naringa. Ndio maana jambo hili linaumiza watu wengi: halikupi onyo.

Aprili, siku ya Jumatano, natoka Kariakoo narudi nyumbani. Pale kituo cha Fire nikaona mabasi ya mwendokasi zimesimama, abiria wanashuka wanakunja suruali. Mkuu, ukiona mwendokasi zimegoma kushuka Jangwani, jua bonde la Msimbazi limeshasema neno lake. Mimi nikaona foleni ya magari madogo bado inapita, maji yameficha tu kingo za barabara. Mbele yangu kulikuwa na Corolla ya zamani, imechoka, taa moja. Ikaingia, ikapita, ikapanda upande wa Mapipa. Nikajiambia, Corolla ipite mimi nishindwe? Sikuwaza kwamba Corolla ile inapumulia juu, mimi napumulia chini kama kambare.

Nimefika katikati, maji hata mlangoni hayajaingia. Kijana mmoja wa wale wanaosukuma magari akaanza kupiga kelele, "Kanyaga mafuta braza, usiachie, maji yataingia ekzosi!" Ushauri huu mmeusikia wote. Ekzosi inatoa moshi kwa nguvu ilimradi injini inazunguka. Pa kuogopa ni mbele, na kadiri unavyokanyaga ndivyo injini inavyovuta kwa pupa. Nikakanyaga. Gari ikisukuma maji, yanajikusanya mbele ya bampa yanakuwa juu kuliko unavyoyaona pembeni. Hapo hapo ikaja Fuso upande wa pili, haina habari na mtu, ikaleta wimbi likagonga grili.

Injini haikuzima kama gari inavyozima. Ilisimama ghafla, kama mtu aliyekabwa. Taa zinawaka, waipa zinafuta, redioni mtangazaji anaendelea kusoma salamu za wasikilizaji. Injini tu ndiyo hakuna.

Na mpaka hapo, sikilizeni, huenda nilikuwa nimepona! Nilikuwa naenda polepole, na hata nilipokanyaga mzunguko wa injini ulikuwa haujapanda sana, inawezekana hakuna kitu kilichopinda. Aliyeimaliza ni mimi mwenyewe, kwa mkono huu wa kulia. Vijana wanasema "piga stata, piga stata", nyuma wananipigia honi, nikapiga. Ikalia "tk". Nikapiga tena. "Tk." Mara ya tatu nikashikilia ufunguo. Ikazunguka kidogo kwa shida, ndani kitu kikatoa mlio mfupi wa chuma, kisha kimya. Mlio ule nausikia mpaka leo nikifungua kopo la maharage.

Twende kwenye hesabu, maana fundi wako hatakupigia. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Injini yangu ina cc 1,988 kwa silinda sita, kila moja kama 331. Mgandamizo wake ni 10 kwa 1, yaani nafasi ya silinda pistoni ikiwa chini ni mara kumi ya ile inayobaki ikiwa juu, kwa hiyo pistoni ikifika juu kabisa nafasi inayobaki ni kama cc 37. Kijiko cha chakula ni cc 15. Vijiko viwili na nusu vya maji machafu ya Msimbazi ndani ya silinda moja vinatosha: pistoni inapanda, inakutana na kitu kisichokubali kubanwa, na chuma kinachojikunja ni konrodi, mkono unaoisukuma pistoni. Usijifariji kwamba Mark X yako ni kubwa. Hiyo injini yake ya 4GR, kwenye Mark X ya GRX120, ni silinda sita cc 2,499 lakini mgandamizo ni 12 kwa 1, nafasi ya juu inatoka cc 38. Tofauti yako na yangu ni tone.

Vijana walinisukuma kwa elfu ishirini. Fundi akaja na bodaboda akaanika koni kwenye jua kama dagaa, akafungua plagi, akafuta, akarudisha, akawasha. Ikawaka! Nilimkumbatia. Ila ikawa na kamlio, "tiki tiki tiki". Akasema hiyo ni tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu, ikipata moto itatulia. Tapeti! Siku ya nne, karibu na Ubungo, konrodi iliyokuwa imepinda ikakatika na kutoka nje ya bloku. Imeacha tundu ambalo yai linapita. Oili yote barabarani, watu wananikwepa kama nimemwaga laana.

Nikampigia. Mnajua alinijibu nini? "Bosi, kwani mimi nilikwambia upite kwenye maji?" Nilikaa na hilo jibu siku mbili. Ni kweli, fundi, hukuniambia nipite. Hukuniambia pia nisipite. Umemtobolea mtu pua kwenye goti katika mji ambao kila masika tunavuka barabara kwa kubebwa mgongoni, halafu unaona neno moja la tahadhari litakupunguzia bei. Na yule wa video sijui nimuanzie wapi. Simlaumu sana, kwao hakuna Jangwani. Tatizo ni aliyeileta video huku bila kuangalia nje ya gereji yake.

Bili yenyewe, ili usidhani nazungumza hadithi: koni na grili 250,000, bomba 380,000, vijana 20,000, bredauni 80,000, injini ya mtumba 2,600,000, kufunga 400,000, oili na kulanti na takataka nyingine 170,000. Milioni 3 na laki 9. Bima? Nilikuwa na ile ndogo, ya kulipia hasara za wengine tu. Ofisi ya bima walinisikiliza kwa heshima sana, wakanipa na maji ya kunywa. Maji tena!

Ikitokea umeshazimikia kwenye maji, wewe au yeyote anayesoma, usiguse ufunguo. Kubali kusukumwa, kubali kuchekwa. Ikifika nchi kavu fundi atoe plagi zote, akate umeme wa koili na mafuta, ndipo azungushe injini ikiwa wazi hivyo, maji yaruke nje. Atazame kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwagwe. Apime na mgandamizo wa kila silinda kabla hujaendesha hata mita mia. Akikwambia "ni tapeti", ondoka na gari yako, hata kwa kuibeba.

Grili sasa, maana ndiyo uliyoanza nayo. Ukiwa kwenye foleni kinacholeta upepo ni feni, kwa hiyo hata ukate grili nzima mbavu zote, rejeta, ile inayopoza maji ya injini, haitajua. Wavu wa matundu madogo ndio kabisa, unaziba kuliko mbavu ulizokata. Na yale maplastiki meusi yanayozunguka rejeta juu na chini, ambayo mafundi huyatupa kwa kuwa "hayana kazi", ndiyo yanayoilazimisha hewa ipite ndani ya rejeta badala ya kuikwepa pembeni. Mimi langu la chini lilitupwa, nikaja kuligundua mlima Kitonga, geji ya joto inapanda na mlima unapanda. Kabla ya kutumia pesa, ioshe rejeta katikati yake na kondensa ya easii (kipoza hewa cha ndani ya gari). Kule ndani kuna manyoya, mchanga na panzi wa tangu gari iko Japani. Weka ea klina mpya ya kawaida kwenye boksi lake. Boksi lako, mkuu, usilitoe. Ukishindwa kabisa kujizuia, ucheze na mambo ya ndani ya boksi, lakini mdomo ubaki pale pale juu.

Uliuliza pia rangi, na kitu kingine nimeshasahau. Mafuta? Sina jibu la maana, nilikuwa nakanyaga muda wote nisikie ile sauti.

Wanaokuja inboksi kuuliza kama nauza lile bomba: nililipeleka kwa wauza chuma chakavu likapimwa kwa kilo, nikanunua vocha. Koni ipo, mwanangu wa pili anaiita roketi.

Wewe fanya kazi moja leo kabla ya kwenda kwa huyo fundi. Chukua futikamba, pima kutoka ardhini hadi katikati ya hilo tundu la fogi, uandike namba hapa. Kisha pima goti lako, uandike na hiyo.