Chemba imefurika, nani alipe?

Maswali ya majitaka yamejaa tena, na wengi mnauliza nani alipe kabla hamjainua hata mfuniko wa chemba, kile kishimo cha kukagulia bomba la majitaka. Fungueni chemba kwanza, ndipo mniandikie.

Sinki la jikoni halipitishi maji. Mwenye nyumba anasema nijitegemee. Ni haki? (Mpangaji, Tabata)

Kama chemba ya nje ni kavu, ni haki. Uchafu umekwama kati ya sinki na chemba, kwenye bomba unalolitumia peke yako, na mafuta ya kukaangia yaliyoganda humo hakuyamwaga yeye. Kama chemba imejaa, tatizo liko mbele zaidi. Soma jibu linalofuata.

Tuko wapangaji saba, choo kimoja. Zamani shimo lilikaa mwaka bila kujaa, sasa ni miezi miwili tu na mwenye nyumba anatuchangisha hela ya gari la kunyonya majitaka. (Manzese)

Hiyo zamani mlikuwa wangapi? Shimo lilichimbwa kwa ajili ya familia moja, kisha uani vikaongezwa vyumba, kila chumba kikawa na kodi yake, shimo likabaki lilelile. Hapo wapangaji mnalipia uamuzi wa mwenye nyumba, na nitaendelea kulisema hili hadi lisikike. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kifungu cha 88, inampa anayepangisha sehemu ya jengo wajibu wa kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu na sehemu za pamoja. Kuchangia gari shimo likijaa kwa matumizi ya kawaida nakubali. Kulipa kila baada ya miezi miwili kwa sababu shimo ni dogo au halinywi tena, hapana. Hilo linataka shimo jipya, na shimo ni mali yake.

Someni mkataba wenu. Kama hausemi nani analipia gari, andikeni sasa, wote mtie saini. Makubaliano ya mdomo ndiyo yanayojaza ofisi za serikali za mitaa kila masika. Nanyi wapangaji, pedi na nepi haziendi chooni. Fundi akizitoa kwenye bomba, gharama ni yenu.

Mvua ikianza, jirani anatapisha choo na uchafu unapita uani kwangu. Nimwambie nini? (Mbagala)

Usimwambie yeye, mwambie bwana afya wa kata. Piga picha, pita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na ufanye hivyo mvua ikiwa bado inanyesha maana ushahidi unasombwa. Kutapisha choo ni kosa kisheria, na ni njia ya wazi ya kipindupindu kuingia kwenye visima vyenu. Wanaomwonea haya jirani wa namna hii wanawaweka watoto wao hatarini.

Chemba ya barabarani inafurika mbele ya duka langu. Nimelipa mafundi wawili, wote wameshindwa. (Kariakoo)

Hukupaswa kumlipa hata mmoja. Bomba kuu la majitaka la mtaani ni la DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam. Toa taarifa na utunze namba yake. Lako ni lile linalotoka kwenye jengo hadi linapoungana na la mtaani. Mtaro wa maji ya mvua kwenye barabara za mitaa ni suala jingine, huo ni wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Na aliyeelekeza bomba la choo kwenye mtaro huo alitoe leo.

Nimwage tindikali? (Hakutaja mtaa)

Hapana. Na kama umeshamwaga, usiongeze dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini. Gesi inayotoka inaunguza mapafu.

Kuna kijana anazamia shimo kwa bei nafuu kuliko gari. Nimwite? (Vingunguti)

Usimwite, na mwenye nyumba akimwita, mzuie. Ndani ya shimo kuna gesi ya haidrojeni salfaidi. Mwanzoni inanuka kama yai viza, ikizidi inaua uwezo wa kunusa, kwa hiyo kijana anadhani harufu imeisha. Anaanguka, ndugu yake anashuka kumwokoa, naye anaanguka. Ikiwa mtu tayari yumo na haitikii, asishuke mwingine yeyote. Piga 114, Zimamoto.